Dawa Iliyobaki

Mimi nina mdomo wa kuamuru. Mama mkwe wangu, Kwandu, aliniambia hivyo wiki ya kwanza niliyoolewa, na hakukosea. Nasema jambo mara moja, kwa ufupi, halafu nageuka naondoka, na asiyeelewa shauri yake. Nayasema haya mapema ili nisije kuonekana namtupia lawama mtu mwingine.

Kazi yangu mwaka ule ilikuwa kupima maji ya bwawa la kuogelea. Mtu wa Bariadi akisikia hivyo anacheka, maana sisi maji tunayapima kwa ndoo. Lakini bwawa lilikuwepo, juu ya kilima kando ya barabara ya Dutwa. Wajenzi wa barabara wa kigeni walilichimba walipokuwa na kambi pale, wakaondoka, wakaacha nyumba zao na shimo lao lenye vigae vya bluu. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, kampuni moja ikaichukua kambi ile, ikazifanya zile nyumba malazi ya wageni wake, na banda la mitambo likawa stoo ya pembejeo. Mimi wakati huo nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye maabara ya sekondari, baada ya miaka kumi na mmoja ya kuosha vyombo vya kioo. Meneja wa kampuni, Bwana Boniventura, alisikia kuna mwanamke anayejua kushika kichupa cha vipimo bila kukivunja, akaniita.

Wanunuzi wa pamba hawaji wakati wa mvua. Kuanzia Desemba mpaka Mei bwawa lilikuwa linafungwa, maana yake linatelekezwa. Mvua inaingia, majani yanaingia, vyura wanaingia na kuita jamaa zao. Ikifika Juni, msimu wa kununua ukikaribia, maji yanakuwa ya kijani mazito, na mtu anatakiwa ayarudishe kuwa maji. Mtu huyo nilikuwa mimi, pamoja na shemeji yangu Masalu, mdogo wa mume wangu. Yeye alikuwa mlinzi, mkata nyasi na mwenye nguvu za kusukuma brashi. Kusoma hakujua, na hakuwahi kuona haya kwa hilo.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Unazamisha mkono mpaka kiwiko, unachota maji ya chini kwa sababu ya juu yanadanganya. Unajaza vichupa viwili. Kimoja unatia matone ya kuonyesha kama maji yana asidi au magadi: yakigeuka njano asidi imezidi, yakiwa mekundu sana magadi yamezidi, unataka yawe katikati, rangi ya nyama ya papai lililoiva. Cha pili unatia matone ya klorini: yakibaki meupe hakuna klorini hata chembe, yakiwa njano basi ipo, inaua vijidudu. Unalinganisha na kadi, unaandika kwenye daftari, unasaini. Nilipenda sana kile kitendo cha kusaini.

Mwaka ule meneja alikuwa na haraka. Jumamosi wangekuja wageni wa nje, na alikuwa amealika watoto wa kwaya ya parokia waje kuwaimbia, kisha waogelee, wapigwe picha. Binti yangu Flora, miaka tisa, alikuwa kwenye kwaya hiyo. Nyanjige pia, binti wa Masalu, aliyekuwa darasa moja na Flora, dawati moja, na nyumbani tulikaa mji mmoja, yaani boma moja. Flora alikata gagulo langu la zamani akajishonea vazi la kuogelea. Alikuwa akilivaa juu ya sare ya shule na kuzunguka nalo uani. Hakujua kuogelea. Nilikuwa nimeshaapa moyoni kwamba Jumamosi nitasimama ndani ya maji yale mpaka kifuani, nguo zangu zote mwilini, na macho yangu hayatamtoka.

Kwa hiyo tulianza Jumatatu. Nilitaka tumwage maji yote tuanze upya, lakini pampu ya kisima ilikuwa dhaifu na meneja akasema hapana, yasafisheni hayo hayo. Tuliopoa majani, tukasugua kuta, tukatia magadi mpaka asidi ikatulia. Klorini ndiyo ilitushinda. Jioni natia, asubuhi napima, maji kwenye kichupa meupe tupu. Uchafu ulikuwa unaila yote. Jumatano saa tisa alasiri nilikuwa nimechoka, nimekasirika, na gari la kwenda mjini lilikuwa linapiga honi getini. Nilimwambia Masalu bila kusimama, "Jioni mwaga dawa yote iliyobaki." Akaitikia ndiyo. Nikaondoka.

Alhamisi asubuhi nilikuta maji yamebadilika. Ukijani ulikuwa umekwenda, na badala yake maji yalikuwa na weupe kama ya kuoshea mchele. Nilifurahi. Maji yanayopona huwa yanapita kwenye weupe huo kabla ya kung'aa, na nikajiambia sasa tumeshinda. Nilizamisha mkono mpaka kiwiko, nikachota. Kipimo cha asidi kilitoka rangi ya papai barabara. Kipimo cha klorini kilibaki cheupe.

Nilitia matone mapya. Cheupe. Nikaosha kichupa, nikachota upande wa pili. Cheupe.

Ndipo nikaanza kutazama vizuri. Vyura walikuwa wamelala pembezoni, matumbo juu, wengi, na miguu imenyooka. Wale wadudu wenye miguu mirefu wanaokimbia juu ya maji hawakuwepo hata mmoja. Kitu kilikuwa kimeua kila chenye uhai mle ndani, na hakikuwa klorini, maana klorini haikuwepo. Mkono wangu ulikuwa bado unachuruzika maji. Nilijikuta nimeunyoosha mbali na mwili wangu, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine.

Nilikwenda stoo. Harufu ya humo ilikuwa ile ile ya siku zote, na pua yangu ilishazoea, haikuwa shahidi wa kitu. Kopo la klorini lilikuwa juu ya rafu, nikalinyanyua, zito, halijaguswa. Nikatazama sakafuni. Pale chini ndipo tulipoweka madumu ya dawa ya pamba yaliyorudishwa kutoka Kasoli na vijiji vingine baada ya msimu wa kupulizia. Nilikuwa naijua idadi yake, kwa sababu nilikuwa nayaruka kila siku. Mawili hayakuwepo.

Masalu nilimkuta anakula kiporo nyuma ya jiko. Nilimuuliza jana alimwaga nini. Akasema dawa. Nikamuuliza dawa gani, sauti yangu ikatoka ndogo mpaka nikashangaa.

"Iliyobaki," akasema. "Si ulisema iliyobaki, shemeji? Madumu mawili. Nimeyafukia kule nyuma, mtu asije akayatumia kuchotea maji."

Kwa Kisukuma chetu ni bugota, neno moja tu. Bugota ya kikohozi, bugota ya ng'ombe, bugota ya wadudu wa pamba. Na Kiswahili kilipotufikia hakikutusaidia, kikatupa dawa, nalo ni neno moja tu. Lakini kuna jambo baya zaidi. Mtu yeyote aliyekulia kwenye shamba la pamba, ukimwambia dawa iliyobaki, anajua ni ipi. Ni ile inayobaki kwenye dumu ukimaliza kupulizia. Hata mimi ningejua, kama ningekuwa na jembe mkononi badala ya kichupa cha kioo. Masalu alikuwa amenielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe.

Nilinawa mkono kwa sabuni mara tatu. Nilimwonya Masalu asimruhusu mtu kusogelea bwawa, naye akaniuliza amekosea nini, nami nikawa nimeshageuka. Nilimwona akilini Flora na gagulo lake akiruka kutoka ukingoni, mdomo wazi kwa kicheko, kama watoto wanavyoruka.

Meneja alikuwa ofisini anakunywa chai. Nilimweleza. Alinisikiliza huku anapekua karatasi, halafu akauliza vipimo vinasema nini. Nikasema asidi iko sawa, klorini hakuna. Akasema basi ongeza klorini, keshokutwa wageni wanafika. Nikamwambia kwenye kisanduku changu hakuna tone la kupima dawa ya pamba, hakuna kabisa, na maji yale yakipimwa kwa kadi yangu yataonekana mazuri mpaka mtoto wa kwanza ayameze. Kisha akasema maji ni mengi na madumu ni mawili, na kwamba mimi ndiye fundi, nisaini tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wageni.

Sikubishana. Niliteremka kilima mpaka kwenye lambo, lile ambalo mji wetu na miji mingine minane ilikuwa inachota maji na kunyweshea ng'ombe. Nilikunja kanga yangu nikakinga, nikapata visamaki saba vya urefu wa kucha, nikavipandisha ndani ya sufuria. Nilichota jagi la maji ya bwawa, nikaliweka juu ya meza ya meneja, kando ya kikombe chake, nikamimina visamaki vinne. Vitatu nikaviacha kwenye sufuria na maji yao ya lambo.

Vinne vile viliogelea kwa mzunguko, haraka haraka. Kimoja kikaanza kuruka. Halafu vikawa vinajisokota, vinagonga kioo kwa ubavu, na meneja akaweka kikombe chini. Chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke wakati cha mwisho kilipogeuka tumbo. Kwenye sufuria vitatu vilikuwa vinazunguka bila habari.

"Nani anajua?" akauliza.

Nikasema mimi na yeye, na Masalu ambaye hajui anachokijua. Akafuta uso kwa leso. Akasema tutawaambia wageni pampu imeharibika, watoto waimbe tu, wapewe soda, warudi kwao. Na mimi nifunge mdomo. Nilikubali kufunga mdomo kwa furaha, maana nilichokitaka nilikuwa nimekipata: Flora hataingia kwenye maji yale. Nilitoka ofisini karibu kucheka.

Hofu ikinitoka mimi huwa inaacha hasira. Nilimkuta Masalu amesimama ukingoni na fagio, ananisubiri, na uso wake wa kutaka kuambiwa kosa lake ukanichoma. Ningeweza kukaa naye chini nikamweleza. Ingechukua muda wa kumenya ndizi. Badala yake nilimwambia, "Haya maji sitaki kuyaona tena," nikachukua kapu langu, nikaenda nyumbani mapema. Flora nilimwambia hakuna kuogelea Jumamosi. Alilia mpaka akalala na lile vazi mkononi, na mimi nikalala vizuri.

Ijumaa niliondoka nyumbani jua linachomoza. Flora na Nyanjige walikuwa uani wanakunja ngata zao, tayari kwenda kuchota maji kabla ya shule. Flora alikuwa bado amenuna. Alinisalimia mwangaluka bila kunitazama, nami nikapita njia ya juu, ya barabarani, kwa sababu nilitaka kununua maandazi.

Bwawa lilikuwa tupu.

Masalu alikuwa chini kabisa, ndani, suruali imekunjwa magotini, anasugua vigae. Aliponiona alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Akasema alifungulia jana jioni nilipoondoka tu, na alfajiri yote yalikuwa yameisha. "Hutayaona tena, shemeji," akasema. "Nimekuondolea."

Bomba la kumwagia maji lilijengwa na wale wajenzi. Linatoka chini ya bwawa, linapita chini ya uzio, linaishia kwenye korongo. Na korongo linateremka moja kwa moja mpaka kwenye lambo.

Sikumbuki kama nilimwambia kitu. Nakumbuka maandazi yametawanyika kwenye majani. Nilikimbia nikifuata korongo, na chini yake mchanga ulikuwa umelowa, una weupe mwembamba juu, Juni, wakati mvua zimeshakwisha. Kiatu kimoja kikatoka nikakiacha. Nilikuwa naita jina la Flora na hewa hainitoshi, kwa hiyo sikuwa naita, nilikuwa nalitaja tu.

Lambo lilikuwa kimya. Hakukuwa na mtu. Upande ule korongo linapoingia, samaki walikuwa wametanda juu ya maji, wadogo na wakubwa, weupe wote. Upande wa wachotaji, mbali kidogo, maji yalionekana mazuri tu, na matope yalikuwa yamejaa nyayo mbichi, nyingi, nyingine ndogo. Nilipiga yowe, lile yowe letu la hatari, mara tatu, mpaka watu wakaanza kutokea kwenye miji ya jirani. Niliwapungia mikono, nikasema msichote, msinyweshe, mwageni, nikaendelea kukimbia.

Mama mkwe wangu Kwandu alikuwa ameketi mlangoni anapepeta choroko. Ndoo mbili zilikuwa kando yake, zimefunikwa kwa majani, zinatulizwa. Aliponiona sina kiatu alisimama.

"Mmekunywa?" nikamuuliza.

"Bado. Yanatulia." Akanitazama. "Kuna nini, ng'wanone, mwanangu?"

"Mayu, nimetia sumu kwenye lambo."

Mwanamke yule wa miaka sabini na kitu aliinua ndoo moja baada ya nyingine, akaenda kuzimwaga nyuma ya choo. Alikuwa bado amenipa mgongo aliposema kwamba mtungi ulikuwa umekauka asubuhi ile, na kwamba Flora alijaza chupa yake ya shule kutoka kwenye ndoo.

Shule iko mwendo wa robo saa kwa mtu anayetembea. Nilipita katikati ya mahindi ya watu. Nilikuwa nahesabu: wametoka saa moja na nusu, wamepiga namba, wameimba, wameingia darasani, mtoto aliyetembea anapata kiu wakati gani. Nilikuwa naomba, na sala yangu ilikuwa fupi na ya aibu. Nilikuwa naomba Flora tu. Sikumtaja mtoto mwingine, ingawa nilijua nyayo zilikuwa nyingi.

Mwalimu aligeuka kutoka ubaoni nilipoingia bila hodi. Darasa zima likasimama kunisalimia, kama walivyofundishwa, na nikamwona Flora dawati la tatu, amesimama vizuri, macho makavu, mzima. Chupa ilikuwa mbele yake juu ya dawati. Ilikuwa tupu.

"Umekunywa hayo maji?"

Alidhani nimekuja kumgombeza kwa kununa. Akatikisa kichwa haraka. "Sijanywa, mama. Nimempa Nyanjige. Alikuwa na kiu."

Nikamshukuru Mungu. Nilimshukuru kwa mwili mzima, nikashika ukingo wa dawati, na machozi ya furaha yakanitoka mbele ya watoto sitini. Ilikuwa muda mfupi tu. Kisha nikatazama kando yake, na Nyanjige hakuwa amesimama na wenzake. Alikuwa ameketi, kichwa juu ya mikono, na mate yalikuwa yanamtoka juu ya daftari.

Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, na gari la kampuni lililokuwa likipita likatuwahisha hospitali Bariadi. Njiani alitetemeka mwili mzima mara mbili. Nilimwambia daktari jina la dawa, ukubwa wa madumu, kila kitu, bila kufunga mdomo. Alikaa siku sita, akapona. Ng'ombe kumi na wanne hawakupona, na lambo lilizungushiwa miiba mpaka mvua za mwaka uliofuata. Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikasema neno lilikuwa langu, mara zote mbili, na kwamba Masalu alitii tu. Kampuni ilituachisha kazi wote wawili.

Nyanjige sasa ana watoto. Masalu amezeeka, na kila tukikutana kwenye sherehe ananishika mkono kwa mikono yake miwili, anawaambia watu kwamba huyu shemeji yangu ndiye aliyekimbia peku kumwokoa binti yangu. Watu wananitazama kwa heshima. Mimi natazama chini, namwacha amalize, na sijawahi kumwambia nilikuwa nafurahia nini pale darasani wakati mtoto wake anatokwa mate.